Mwani wa Ndani

Bibi yangu alizikwa mwishoni mwa Februari 2024, siku ya bamvua. Nakumbuka kwa sababu wanawake wa kijiji chetu, kusini mashariki mwa Unguja, hawakushuka mwambani siku ile, ingawa maji yalikupwa mbali na kila shimo la pweza lilikuwa wazi. Waliacha ndoo na vijiti vyao, wakaja kukaa nasi. Kutoka barazani niliiona bahari imejitenga hadi ukingoni mwa mwamba. Uwanda wote ambao bibi aliutembea kwa zaidi ya miaka hamsini ulikuwa mtupu, hakuna hata mtoto aliyeinama kuokota kome.

Kazi yangu ni utafiti wa viumbe wa baharini, na bado niko mwanzoni mwake. Nasoma wanyama wawili wa ukoo mmoja, tumbawe na yavuyavu, pamoja na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya miili yao. Siku ya kwanza nilipomweleza bibi jambo hili, alikuwa amekaa mkekani akifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Yeye alikuwa mmoja wa wanawake walioingia mapema katika kilimo hicho, baada ya kuanza Paje na Jambiani mwaka 1989, na fedha za mwani ndizo zilizoninunulia sare na madaftari.

“Bibi, matumbawe nayo yanalima mwani.”

“Wapi?”

“Ndani ya nyama zao. Mdogo, hauonekani kwa macho.”

Alifunga fundo, akavuta kamba kuipima.

“Na mavuno huchukua nani?”

Walimu wangu wameniuliza mengi, lakini sijapata swali lililofika kwenye kiini cha jambo upesi kama hilo. Nilimwambia kwamba mwenye nyumba huchukua sehemu kubwa. Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari na mafuta, na tumbawe hupata humo nguvu zake nyingi, mara nyingine hadi asilimia 90 ya zile linazohitaji. Akauliza mgeni naye hupata nini. Nikamjibu kuwa hupata hifadhi mahali penye mwanga, na hupata uchafu wa mwili wa mwenyeji wake, ambao kwake ni mbolea. Bibi akatikisa kichwa. “Mgeni siku mbili,” akasema, “siku ya tatu mpe jembe.” Tangu siku hiyo sijakutana na maelezo ya ushirika huu yaliyo mafupi na sahihi kuliko methali hiyo.

Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Jiwe ni nyumba tu, iliyojengwa na wanyama wadogo waitwao polipi, kila mmoja na kinywa chake na vikono vyake, wameshikana kwa maelfu. Nyama yao inapitisha mwanga kama kioo. Ile rangi ya kahawia tunayoiona mwambani ni ya mwani ulio ndani, na bila nguvu za mwani huo polipi wasingejenga chokaa kwa kasi ya kushindana na mawimbi. Watu wa mwambao nasi tumejenga kwa chokaa hiyo. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za Gede, za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimetokana na matumbawe. Ukiufuata mnyororo huo hadi mwanzo wake, msikiti mkuu wa Kilwa unasimama juu ya jasho la kiumbe ambacho jicho haliwezi kukiona.

Yavuyavu ninayemsoma ni yule anayelala chali. Wapo wavuvi wanaomwita konyeza, kama wanavyowaita ndugu zake wengine. Huishi kwenye maji mafupi yaliyotulia, karibu na mikoko na majani ya bahari, mwavuli wake umegusa mchanga na mikono yake imeelekea juu. Mara ya kwanza kuwaona nilidhani wamekufa. Kumbe hulala hivyo ili mwani uliomo mikononi upate jua. Mwavuli hufunguka na kufumba mchana kutwa, na usiku hupunguza mwendo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mnyama huyu, asiye na ubongo, hupata usingizi. Ukipita karibu naye, maji yenyewe huwasha kama upupu.

Na huyu ndiye aliyetufungulia mlango wa kuyaelewa matumbawe. Mwaka 1962, Hugo Freudenthal alipouelezea mwani huu kitaalamu na kuupa jina la Symbiodinium, aliutoa mwilini mwa yavuyavu anayelala chali. Tumbawe na yavuyavu hulisha wageni wa ukoo mmoja. Ila yavuyavu hana mifupa ya chokaa, hukua upesi na huvumilia maisha ya tangini, kwa hiyo mengi ambayo tumbawe hulificha ndani ya jiwe lake, yavuyavu hutuonyesha waziwazi.

Jambo kubwa alilonionyesha mimi ni hili. Yai lake halina mwani. Mama amejaa mwani hadi ncha za mikono, anaishi kwa mwani, lakini mtoto hampi hata chembe moja. Kiluwiluwi huogelea kitupu, hutua chini, mara nyingi juu ya jani la mkoko linalooza, hujishika hapo na kuwa polipi mdogo kama punje ya mchele. Kisha husubiri.

Nilikuwa na chombo cha polipi wa namna hiyo, katika maji ya bahari yaliyochujwa vizuri. Niliwalisha bila kukosa, wakanenepa, wakachipua polipi wengine ubavuni. Mwezi ukapita, ikapita miezi sita, wala hakuna hata mmoja aliyegeuka yavuyavu. Polipi asiyepata mwani huweza kuishi hivyo muda mrefu na hata kuongezeka, ila hafikii utu uzima. Siku moja nikawatilia matone machache yenye mwani. Waliumeza kama wanavyomeza chakula, lakini seli zao hazikuusaga, ziliuhifadhi. Baada ya majuma kadhaa kichwa cha polipi mmoja kikajigawa, kikaanza kupigapiga, kikakatika, kikaondoka kinaogelea.

Matumbawe mengi yana hali hiyohiyo. Yapo ambayo mama hukabidhi mwani ndani ya yai, lakini aina nyingi huzaa watoto watupu, na watoto huupata mwani majini wanamoishi. Maji yakiwa matupu, utajiri wa mama haumfai mtoto.

Nililijua jambo hilo kwa miaka na nimelijibia mitihani. Nililielewa nilipokuwa nimekaa matangani.

Watu waliokuja kutupa mkono walisema maneno mema. Walisema bibi hajaondoka, damu yake imo ndani yetu. Niliwashukuru, nami naamini walisema kwa mapenzi. Lakini nilipotafuta ndani ya nafsi yangu kile nilichokuwa nakililia, hakikuwa cha damu. Damu haikunifundisha kwamba pweza aliye nyumbani huacha maganda mapya na vijiwe mlangoni pake. Haikunifundisha kulikaribia shimo kutoka upande ambao uvuli wangu hautaingia ndani. Kusoma mwezi nikajua bamvua itaanguka lini, kutofautisha kaskazi inayotulia na kaskazi inayojiandaa kuvuma tena, kujua jiwe gani ukilipindua lazima ulirudishe kama lilivyokuwa kwa sababu chini yake kuna mayai: hayo yote niliyapata kwa kuwa tangu nina umri wa miaka sita nilimfuata nyuma nikimbebea ndoo. Niliyaokota katika maji yake. Wajukuu wengine wa damu ileile, waliokulia mbali na pwani, hawana hata moja, na si kosa lao.

Na yako ambayo hata mimi sikuyaokota. Bibi alikuwa na jina kwa kila shimo lake. Mengine yalikuwa majina ya wanawake waliokufa kabla mama yangu hajazaliwa. Mengine yalikuwa ya vitu vilivyopotelea pale. Nilikuwa nikiyasikia wakati wote, yakipita masikioni kama upepo. Nilipoanza kazi ya utafiti nikajua thamani yake, nikasema nitakuja na kinasa sauti tutembee naye mwamba mzima. Nitakuja nikimaliza sampuli za msimu huu. Nitakuja kusi ikitulia. Miaka miwili nilisema hivyo. Nina picha nyingi za mwani wa ndani ya tumbawe zilizokuzwa mara mia nne, lakini sina dakika hata moja ya sauti ya bibi akiyataja mashimo yake.

Katika siku zile nilimkumbuka Peter Forsskål. Yeye ndiye aliyemwandika yavuyavu anayelala chali kwa mara ya kwanza katika elimu ya viumbe, na alikufa kijana. Alikuwa mwanafunzi wa Linnaeus, mtaalamu wa viumbe. Mwaka 1761 aliondoka na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda Bahari ya Shamu na Yemen, akawa anakusanya mimea na wanyama kila walipopita. Malaria ilimuua huko Yarim, Yemen, Julai 1763. Alikuwa na umri wa miaka 31. Kati ya watu sita wa msafara ule alirudi mmoja tu, Carsten Niebuhr, ambaye kazi yake ilikuwa kupima nchi na kuchora ramani, wala hakuwa mtaalamu wa wanyama. Angeweza kusema kwamba karatasi alizoziacha Forsskål si fani yake. Lakini mwaka 1775 alizichapisha, na jina la yavuyavu wangu limo humo.

Forsskål alikuwa na desturi moja ninayoipenda zaidi ya zote. Aliyachukua majina ya Kiarabu aliyoyakuta kwa watu wa pwani ile, akayaingiza katika majina ya kitaalamu. Ndiyo maana changu mmoja tunayemnunua sokoni huitwa Lethrinus harak, na pono mmoja huitwa Scarus ghobban. Wavuvi walioyatamka maneno hayo majina yao wenyewe hayakuandikwa, lakini neno lao liko katika kila kitabu cha samaki duniani. Liko kwa sababu kijana mmoja aliuliza na kuandika, na rafiki aliyebaki hakuziacha karatasi zioze. Mimi niliyekuwa na bibi wa kumuuliza, umbali wa saa moja kwa daladala, sikuandika.

Ramadhani iliingia majuma mawili baada ya mazishi. Bahari ilikuwa na joto ambalo wazee walilisema kabla vipimo vyangu havijalisema. Mwaka wa nyuma yake wakulima wa mwani walikuwa tayari wanalalamika kwamba ule mwani mnene wenye bei nzuri unaota madoa meupe, unalainika na kukatika. Nilishuka mwambani maji yalipokupwa, nikakuta matumbawe yamepauka. Kwanza vilele, halafu matawi mazima, meupe kiasi cha kuumiza macho. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akivuta ngalawa yake alisimama karibu nami, akatazama kwa muda, akasema, “Mwanangu, mwamba umevaa sanda.”

Haukuwa mwamba wetu peke yake. Tarehe 15 Aprili 2024 wataalamu wa bahari walitangaza kwamba dunia imeingia katika mpauko wa nne wa matumbawe unaoenea katika bahari zote. Wa kwanza ulikuwa wa 1998, uliokadiriwa kuharibu takriban asilimia 16 ya miamba ya matumbawe duniani, na Bahari ya Hindi ndiyo iliyopigwa vibaya zaidi. Bibi aliutaja mwaka ule kama watu wa bara wanavyoutaja mwaka wa njaa.

Kinachotokea ni kwamba ushirika unavunjika. Maji yakizidi kwa digrii 1 tu ya selisiasi juu ya joto la kawaida la mwezi wenye joto kali, na yakakaa hivyo kwa majuma, mitambo ya mwani ya kunasa mwanga huharibika na kuanza kutoa sumu. Tumbawe huutoa mwani nje, na chini ya nyama isiyo na rangi huonekana mifupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mambo huanza kuharibika mapema zaidi, kabla ya weupe wowote kuonekana. Joto likipanda, mwani huanza kubaki na sukari yake, na mwenyeji hukosa chakula hali mgeni bado yumo nyumbani. Niliposoma maneno hayo nilisikia sauti ya bibi: na mavuno huchukua nani?

Yule mzee sikumbishia, lakini sanda huvishwa maiti, na tumbawe jeupe bado li hai. Lina njaa. Linaweza kukaa hivyo kwa majuma, likijaribu kunasa vidudu vya majini kwa vikono vyake, na katika majuma hayo jambo lake halijakatwa. Maji yakipoa, huenda likapona. Yasipopoa, nyama huoza, magugu ya baharini hulifunika jiwe, na hapo ndipo msiba unapokuwa msiba.

Liko jambo jingine ambalo jicho haliwezi kukwambia. Ukichukua kipande cha tumbawe lililopauka, jeupe pe, ukakiweka chini ya hadubini, mara nyingi utakuta chembe chache za mwani zimebaki ndani ya seli. Ni chache mno kuweza kulirudishia rangi. Lakini kupona kwa tumbawe hutegemea sana chembe hizo zilizobaki, zikipata maji yaliyopoa na mwanga wa kadiri, zikaanza kuongezeka upya.

Kusi ilipoingia maji yakapoa. Katika matumbawe niliyokuwa nayafuatilia, yale makubwa ya mviringo, yanayokua polepole, mengi yalirudisha rangi yake mwezi baada ya mwezi. Yale ya matawi mengi hayakurudi; nayaona leo yamefunikwa na magugu, yanavunjika vipande chini ya mawimbi. Siwezi kumdanganya msomaji kwamba kila kilichopauka kitapona. Wala bibi hatarudi.

Bamvua moja ya Agosti nilishuka mwambani na bi mkubwa mmoja aliyekuwa mwenzake bibi tangu usichana wao. Nilichukua kinasa sauti na daftari. Tulikuwa tukitembea kimya, na mahali fulani mguu wangu ukajizuia wenyewe, nikazunguka upande wa pili ili uvuli usianguke mbele. Bi mkubwa akacheka taratibu. “Umelijuaje Shimo la Pete?” Sikujua kwamba nalijua. Alipolitaja tu, nikaisikia sauti ya bibi akinisimulia habari ya mwanamke aliyepoteza pete ya ndoa pale, akawa anarudi kuitafuta kila bamvua kwa mwaka mzima. Nikamaliza mimi kisa hicho, bi mkubwa akanisahihisha mahali pawili. Tulipofika shimo la tatu nilikuwa nimekumbuka majina mengine mawili. Yaliyobaki ndani yangu yalikuwa machache, nami nilidhani hayapo kabisa. Yalihitaji mtu mwingine wa kuyatamka naye.

Tangu siku hiyo tunashuka kila bamvua ninapopata nafasi, na wanawake wengine wameanza kuja kila mmoja na mashimo yake. Majina yamejaa kurasa nne. Nimeanza pia kuwachukua watoto wa kijijini, kwa sababu nimeona katika chombo changu kwamba polipi halishwi mwani kwa maelezo. Huwekwa katika maji yenye mwani, kisha huachwa. Mtoto asiyepelekwa mwambani atakua, atasoma, ataoa au ataolewa, naye atakuwa mtu mwema. Ila liko umbo la mtu wa pwani ambalo hatalifikia, na hatajua kwamba amelikosa.

Wapo waliolitambua hili kabla yangu. Kisiwa cha Chumbe, kilichofanywa hifadhi mwaka 1994, kiliwachukua wavuvi kuwa walinzi wa mwamba, na watoto wa shule za Zanzibar hupelekwa kule wakatie macho yao chini ya maji. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga sehemu za miamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue, na wanawake wanaojua mashimo ndio wanaoulizwa. Haya hayaipozi bahari. Joto linatokana na moshi wa dunia nzima, na wetu katika moshi huo ni mdogo sana. Wanaochoma mengi ndio wanaodaiwa kuacha. Lakini mwamba uliotunzwa huwa na nafasi zaidi ya kupona joto linapopungua, na watu wanaoujua kwa majina hawakubali upotee kimyakimya.

Nawe msomaji, kama kuna mzee wako anayejua jina la mahali ambalo halimo katika ramani, la shimo, la kisima, la mti au la upepo, usimwambie utakuja msimu ukiisha. Nenda naye bamvua ijayo, na uchukue mtoto mmoja wa kubeba ndoo.